Ramani Isiyofika Gotu

Isiolo, 3 Juni 1987

Kwa Bwana Ekeno Lokorio,

Mwezi wa Aprili, ulipokuwa ukifunga vitu vya mradi wa maji ili urudi Nairobi, uliniambia nikikuandikia niandike kila kitu, hata kile ninachoona si kitu. Naahidi kufanya hivyo. Barua zetu zote husomwa na Mwalimu Mkuu, Bi. Roda, kabla ya kwenda posta, na zinazokuja husomwa vilevile. Kwa hiyo nikisahau jambo, yeye atanikumbusha.

Kompyuta mliyotuachia haijatulia. Inawaka vizuri na inaandika vizuri. Majina ya Kidato cha Tatu yote yamo ndani. Shida huanza tunapoiambia ichore. Zile kadi mbili za picha ulizotuonyesha, zilizobanwa pamoja kama vipande viwili vya mkate, zikianza kazi kwa pamoja, skrini hutetemeka, rangi hukimbilia upande mmoja, kisha kila kitu huwa cheusi. Ramani ya maji ya wilaya huanza kuchorwa kutoka kaskazini, kwa hiyo Merti tumeiona mara kumi na moja. Gotu hatujaiona hata mara moja. Naitaja Gotu kwa sababu ndiko kwetu, na kina cha kisima cha pale nilikipima mwenyewe wakati wa likizo, kwa kamba na jiwe.

Tunaitunza. Iko kwenye meza ya maktaba, mbali na dirisha. Bi. Roda ameifumia kitambaa cheupe chenye maua ya buluu, kwa mkono wake, kwa ajili ya vumbi la hapa unalolijua. Hakuna anayeigusa bila kunawa.

Tarehe 24 Julai atakuja afisa wa elimu. Kompyuta ikichora ramani yote mbele yake, itabaki hapa. Isipochora, itapelekwa shule nyingine upande wa Meru, yenye umeme wa serikali. Bi. Roda alitutangazia haya kwenye paredi bila kupandisha sauti. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuitunza. Je, tuanzie wapi?

Mwanafunzi wako,
Natabo Ekaale, Kidato cha Tatu

Imesomwa. R.A.


Nairobi, 10 Juni 1987

Natabo,

Habari ya masomo. Kompyuta inapoandika barua haihitaji nguvu nyingi. Inapochora, kadi zile mbili hula umeme kuliko sehemu nyingine zote zikiwekwa pamoja. Umeme ukilegea hata kidogo, hupoteza fahamu.

Anzia kwenye jenereta. Pampu ya maji ya shule inatumia jenereta hiyohiyo. Pampu inapoanza kuzunguka hunyakua umeme kwa ghafla, na wengine wote wanabaki na njaa. Angalia kama mnachora saa za pampu. Weka daftari. Kila mkiwasha, andika saa, andika kama pampu inafanya kazi, na andika ilichora kwa dakika ngapi.

Usiifungue. Ndani hamna cha kuona.

Mpe Bi. Roda salamu zangu, na umwambie amefanya vizuri kufuma kitambaa. Vumbi la Isiolo ni adui.

E. Lokorio

Imesomwa. Salamu zimefika. R.A.


Isiolo, 17 Juni 1987

Kwa Bwana Ekeno,

Ulisema kweli. Pampu hufanya kazi saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni, na sisi huenda maktaba saa kumi na robo. Tulikuwa tunachora katika saa mbaya kuliko zote.

Bi. Roda amehamisha pampu iwe saa kumi na moja alfajiri. Mpishi wetu, Mama Chachu, hakupenda. Alinisimamisha mlangoni pa jikoni mbele ya wasichana.

"Wewe Natabo, sasa mimi nichote maji na giza kwa sababu ya hii runinga yenu?"

"Si runinga, Mama Chachu. Ni kompyuta."

"Inapika?"

"Haipiki."

"Inasaga?"

"Haisagi."

"Basi ni runinga."

Bila pampu tumepata maendeleo. Nimenakili daftari. Jumamosi asubuhi, dakika 38. Jumapili baada ya ibada, asubuhi, dakika 41. Jumatatu alasiri, dakika 19. Jumanne alasiri, dakika 22. Leo alasiri, dakika 17. Ramani yote inahitaji dakika hamsini. Siku zile za asubuhi tulifika mahali mto Ewaso Nyiro unapokunja kona, kisha kompyuta ikazima. Ikiachwa nusu saa hukubali tena, kama ng'ombe aliyekataa njia.

Afisa atakuja saa tisa alasiri.

Rafiki yangu Luul, ambaye watu wake ni wa malori, anasema lori linalozima na kukubali tena baada ya kupumzika lina shida ya joto au ya betri. Sijui kama kompyuta ina magonjwa ya lori. Je, naweza kuifungua nikaangalia?

Natabo Ekaale

Imesomwa. Mama Chachu ana haki ya kulalamika. R.A.


Nairobi, 24 Juni 1987

Natabo,

Daftari lako ni safi kuliko la baadhi ya watu wa ofisi hii. Pampu ibaki hivyo hivyo.

Kuhusu dakika, chora nusu ya ramani asubuhi na uihifadhi, halafu mbele ya afisa chora nusu iliyobaki. Hatajua. Ndani usifungue.

Nisamehe kwa ufupi. Wiki hizi wanaamua nani kati yetu sisi wa mkataba ataajiriwa moja kwa moja.

E. Lokorio

Imesomwa. Afisa atajua, kwa sababu nitamwambia. R.A.


Isiolo, 1 Julai 1987

Kwa Bwana Ekeno,

Tumeifungua. Niliomba ruhusa kwa Bi. Roda, naye akaniuliza kama nitaweza kurudisha kila skrubu mahali pake. Nikasema nitachora picha kabla ya kutoa yoyote. Akasema, "Basi chora." Luul alileta bisibisi ya mjomba wake Shuriye, ile ya taa za lori. Skrubu ni tano na zote zimerudi.

Ulisema ndani hamna cha kuona. Nilitii kwa wiki tatu, na sasa naandika nilichokiona. Kisanduku cha umeme, kile chenye feni, kiko kwenye kona ya nyuma. Kina karatasi iliyobandikwa ubavuni, imeandikwa wati 63. Kijitabu cha kadi mbili za picha, ukurasa wa nne, kinasema kadi hizi zisitumike na kisanduku kilicho chini ya wati 130.

Nilisoma mara tatu. Luul naye alisoma. Akasema, "Hii ni kuvuta trela kwa pikipiki."

Pia skrubu zinazoshika kisanduku hicho hazifanani na nyingine. Zile nyingine ni nyeusi. Za kisanduku ni nyeupe, na moja imeliwa kichwa, kama iliyofungwa na mtu mwenye haraka.

Labda kuna visanduku viwili na sisi tumeona kimoja tu. Labda namba ina maana nyingine. Nakuomba unieleze.

Natabo Ekaale

Imesomwa. Mimi pia nimekiangalia. Ni 63. R.A.


Isiolo, 9 Julai 1987

Kwa Bwana Ekeno,

Barua hii haijapita mezani kwa Bi. Roda. Ni ya kwanza ya namna hiyo katika maisha yangu, na naiandika fupi ili kosa nalo liwe fupi.

Hujajibu. Zimebaki siku kumi na tano. Bi. Roda ameuliza mara mbili kama posta imechelewa, na mara ya pili hakuniangalia alipouliza.

Luul anasema huenda jibu lako ni la aina isiyopenda kusomwa na mtu mwingine. Mjomba wake Shuriye hupeleka mbuzi Nairobi kila wiki. Luul humwita Abti, yaani mjomba kwa lugha yao. Tulimwendea langoni. Akacheka, akasema, "Mimi nabeba mbuzi, nabeba mahindi, nabeba siri. Siri ndiyo haiendi haja kwenye gari." Amekubali kukuletea hii mkononi.

Kisanduku ni kile tulichokabidhiwa, au ni kingine?

Natabo


Nairobi, 13 Julai 1987

Natabo,

Huyu Shuriye ameketi mbele ya meza yangu. Amemaliza vikombe viwili vya chai na anasema haondoki bila jibu, kwa sababu ameahidi mpwa wake. Mkubwa wangu amepita mara mbili kuuliza ni nani. Nimesema ni jamaa kutoka nyumbani.

Kisanduku ni kingine. Kile cha wati 130 kiliungua mwezi wa Machi, siku niliyomruhusu fundi wa matangi kuchomelea vyuma kwa jenereta yetu huku kompyuta ikiwa imewaka. Ningeandika kwamba kimeungua, kompyuta nzima ingeandikwa kuwa mbovu, irudishwe Nairobi, iuzwe kama vyuma kuukuu. Niliona jinsi ulivyokuwa ukiiangalia wewe na wenzako. Nikatoa kisanduku cha kompyuta ndogo ya ofisi, nikakifunga usiku wa kuamkia makabidhiano. Kwenye fomu nikaandika 130, nikaweka sahihi. Nilitumaini mtaandika tu, bila kuchora.

Barua ya ajira yangu bado haijatoka. Barua zote za mashine tulizogawa huja kwenye meza yangu kwanza, kwa hiyo jambo hili likikaa kwenu, na kwangu litakaa. Nakuomba likae.

Sasa fanya mambo mawili. La kwanza, ile diski kubwa ya ndani inayovuma hula umeme sana. Chomoa waya wake mweupe wenye ncha nne. Programu ya ramani imo pia kwenye diski mbili nyembamba, kwenye bahasha ya kaki niliyoacha kabatini. Washa kwa hizo, na hicho kisanduku kidogo kitatosha, kwa shida. Utaona pia diski ile haikukatizi tena kila baada ya muda, na ramani itakwisha mapema kidogo.

La pili naona aibu kuliandika kwa sababu nililisifu. Asubuhi dakika arobaini, alasiri ishirini. Hilo ni joto. Nilidhani kitambaa cha Bi. Roda ni cha kufunikia usiku. Je, hukaa juu hata mnapochora?

Ekeno


Isiolo, 25 Julai 1987

Haijasomwa. R.A.

Kwa Bwana Ekeno,

Maneno hayo hapo juu Bi. Roda aliyaandika kwenye karatasi tupu, akanipa, akasema niandike nitakalo chini yake. Kwa hiyo nitaandika yote.

Ndiyo, kitambaa hukaa juu hata tunapochora. Hukunjwa mbele ili skrini ionekane, lakini hakitolewi. Nyumbani kwetu Gotu redio ya baba ina kitambaa chake, na redio husema vizuri. Kwa kina Luul hata birika ya chai ina chake. Sikukuandikia kwa sababu niliona si kitu. Hapo ndipo nilipovunja ahadi yangu, na mwalimu wangu alikuwa anasoma kila barua na hakuliona pia.

Sikuweza kumwambia Bi. Roda kwamba nimeambiwa, kwa sababu angeuliza nimeambiwa na nani. Nikaazima kipimajoto cha maabara. Siku ya kwanza nilikiweka juu ya matundu ya nyuma chini ya kitambaa, nikapata digrii 61. Siku ya pili, saa ileile, bila kitambaa, 44. Nikaandika namba hizo mbili kwenye karatasi, nikaiweka mezani kwake, nikasimama.

Alizisoma zote mbili. "Nani alikufundisha kupima hivi?"

"Ni wewe mwenyewe, mwalimu. Kidato cha Pili."

"Si hilo ninalouliza. Nani alikwambia upime hapo?"

Nikainyoosha ile karatasi mezani.

"Lori la Shuriye lilisimama langoni Jumanne," akasema. "Shuriye ana mpwa mmoja hapa, naye hakuletewa hata sukari. Barua iko wapi?"

Nikaitoa kwenye soksi. Hakuishika.

"Sitaisoma. Aliyeiandika alijua siisomi. Lakini ukiulizwa jambo lililomo ndani yake, utajibu wewe, si mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, mwalimu."

Kisha akaenda maktaba, nami nyuma yake. Akakivuta kitambaa kutoka kwenye kompyuta, akakikunja mara nne. "Mama Chachu aliuliza kama inapika," akasema. "Kumbe mpishi nilikuwa mimi." Siku hizi kitambaa kiko juu ya globu.

Afisa alifika jana saa tisa na dakika kumi. Jenereta ilikuwa haina kazi nyingine. Pampu ilikuwa imelala, jikoni kulikuwa na maji tangu alfajiri, na Mama Chachu mwenyewe alikuja kusimama mlangoni na kitambaa cha sahani begani. Diski kubwa tuliichomoa jinsi ulivyosema. Nilianza saa tisa na robo. Luul alishika saa.

Merti ilitokea dakika ya nane. Dakika ya kumi na saba, ile ambayo ilituangusha siku moja, ilipita. Mto ulikunja kona dakika ya thelathini na tatu. Dakika ya thelathini na saba Gotu ilitokea, nukta nyekundu, na kando yake namba 14, ambazo ni mita nilizopima kwa kamba. Nilitaka kumwambia mtu kwamba ni mimi niliyepima, lakini kila mtu alikuwa anaangalia. Rapsu na mashamba yake ilikuja mwisho, rangi ya kijani. Dakika arobaini na nne.

"Imeisha?" afisa akauliza.

"Imeisha, bwana."

"Mimi niliambiwa ni mgonjwa huyu." Akacheka, akamgeukia Bi. Roda. "Mwalimu, nani ameiponya?"

"Muulize yeye," Bi. Roda akasema. "Yeye ndiye anayeitunza."

Mama Chachu akasema, "Runinga safi," akarudi jikoni.

Afisa akatoa fomu yako ya makabidhiano. Alikuwa na kalamu tayari. Akasoma kimoja kimoja, akiweka alama. Skrini, moja. Kibodi, moja. Kadi za picha, mbili, zimebanwa pamoja. Kisha akasema, "Kisanduku cha umeme, wati mia moja na thelathini. Ni hiki?" Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi. Sidhani alikuwa anauliza. Alikuwa anasoma tu, na sauti ikapanda mwishoni.

Bi. Roda alikuwa anaangalia nje, kwenye matangi.

Ningeweza kusema ndiyo. Neno ni fupi. Nilikukumbuka wewe na barua yako ya ajira, na nilikumbuka kwamba bila kosa lako kusingekuwa na kompyuta. Haya yote niliyafikiri. Lakini nilikuwa nimesimama mbele ya skrini, na ile namba 14 ilikuwa karibu na mkono wangu. Niliiandika 14 kwa sababu kamba ilisema 14.

Nikasema, "Hapana, bwana. Hiki ni cha sitini na tatu."

Akainua kalamu. "Nani amekibadilisha?"

"Sikuwepo kilipobadilishwa."

Hilo ni kweli, na ni nusu. Akaangalia chini ya fomu, akasoma sahihi, akaandika jina lako kwenye daftari lake. Mimi sikulitaja. Najua hiyo haikusaidii.

Kisha akarudisha kalamu mfukoni bila kuweka sahihi. Alisema ramani ni nzuri, na kompyuta isiyo na tatizo ingebaki leo hii. Ataandika kwa ofisi yenu, ieleze kwa maandishi kisanduku kilichokabidhiwa kilikuwa cha wati ngapi. Jibu likisema 63, kama tulivyoona kwa macho, basi ni kosa la karatasi, litasahihishwa, kompyuta itabaki, na kisanduku kingine kitaombwa. Jibu likisema 130, basi kuna kitu kimepotea shuleni kwetu, na kompyuta itaondolewa ichunguzwe. Hakusema itarudi.

Alipoondoka, Bi. Roda hakunisifu wala hakunigombeza. Aliniambia nizime kwa utaratibu, kadi kwanza, jenereta mwisho. Luul alinishika mkono njia nzima hadi bweni, akasema, "Wewe ni mjinga, wallahi," na hakuniachia.

Sijui kama nimekuharibia kazi. Kama nimekuharibia, nimefanya hivyo nikijua, na si vizuri nikuombe unisamehe kabla hujajua ni kiasi gani. Nikifika Kidato cha Nne, kwenye fomu ya kuchagua kazi, nataka kuandika kwamba ningependa kusomea kazi yako. Bado nataka.

Barua ya afisa iliingia posta leo asubuhi. Itachukua siku tano, na kama ulivyosema, itafika kwenye meza yako kwanza. Hii inakuja na Shuriye, utaipata keshokutwa. Ameagizwa akae hapo anywe chai mpaka umwandikie jibu, hata kama ni namba tupu.

Kwa hiyo nakuuliza, na unijibu kwa lori hilohilo: afisa akikuuliza, utaandika mia moja na thelathini, au sitini na tatu?

Natabo Ekaale